JOGINDER SINGH: SIMBA ALIYEZALIWA KERICHO

Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Msomaji mpenzi, ukitaka kusikia kelele katika shule yoyote ya hapa kwetu, subiri saa ya chakula cha mchana kisha uulize ni gari gani lina mbio kuliko yote. Hapo utawaona watu wakiacha githeri ipoe. Mmoja atataja Ford Mustang, wa pili Pontiac GTO, wa tatu ataapa kwamba hakuna kama Dodge Charger. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuyaona magari hayo isipokuwa kwenye filamu, lakini kila mtu ni bingwa.

Sina ugomvi na magari hayo ya Kimarekani. Wenyewe huyaita magari ya misuli, na kweli misuli yanayo. Kwao hupimwa kwa robo maili, yaani mita 402 hivi, katika barabara ya lami kavu iliyonyooka kama rula. Dodge Charger ya mwaka 1968, ile ya injini ya lita 7, ilipojaribiwa na waandishi wa magazeti ya magari ilikata umbali huo kwa sekunde 13 na nusu hivi. Mwanariadha aliye na rekodi ya dunia ya mita 400, Wayde van Niekerk wa Afrika Kusini, alihitaji sekunde 43.03. Kwa hivyo mnyonge tumnyongeni lakini haki yake tumpeni: hayo ni magari ya mbio.

Lakini jiulize. Hapa Kabianga, ni wapi utapata mita 402 za barabara iliyonyooka, kavu, isiyo na shimo, lori la chai wala ng'ombe wa mtu? Utatafuta hadi alasiri, na alasiri mvua ya Kericho itanyesha. Ndiyo maana leo nataka kuwasimulia maisha ya mtu aliyejibu swali la mbio kwa vitendo, katika barabara kama hizi zetu. Jamaa huyo hakuzaliwa Detroit. Alizaliwa hapa hapa Kericho, na wengi wetu hatujui.

Mtoto wa fundi

Joginder Singh alizaliwa mjini Kericho tarehe 9 Februari 1932. Wazazi wake walikuwa watu wa jamii ya Singasinga, ambao wengi wetu huwaita Kalasinga, wenye asili ya Punjab huko India. Wanaume wao hawakati nywele, hufuga ndevu na kufunga kilemba. Masingasinga walikuja Afrika Mashariki kwa wingi wakati reli ya kutoka Mombasa hadi Kisumu ilipokuwa ikijengwa, kati ya mwaka 1896 na 1901. Walikuwa maseremala, waashi na wahunzi. Reli ilipokwisha, wengine walirudi kwao na wengine wakabaki, na baada yao wakaja wengine zaidi. Hata leo ukifika Kericho mjini utaliona hekalu lao kubwa. Si watu wa kupita hapa.

Baba yake Joginder alikuwa fundi wa magari. Basi mtoto alikua akinusa grisi. Wenzake walipokuwa wakicheza, yeye alijifunza spana ipi inafungua nati ipi. Hakuanza kwa kuendesha gari, alianza kwa kulala chini yake. Jambo hili msomaji ulishike vizuri, kwa sababu mbele ya safari tutalihitaji.

Alipokuwa kijana alifanya kazi za umakanika. Pia aliajiriwa na chama cha wenye magari cha Afrika Mashariki, akawa anazunguka barabarani kuwasaidia watu walioharibikiwa na magari. Hebu fikiria kazi hiyo. Kila siku unaona gari lililokufa na unatafuta limekufa kwa nini. Huyu amevunja springi kwa sababu aliingia shimoni kwa pupa. Huyu maji ya rejeta yamekauka naye hakutazama. Huyu ameunguza klachi akijitoa matopeni. Mtu akifanya kazi hiyo, anajua magonjwa yote ya magari na vilevile ujinga wote wa madereva.

Safari ilikuwa nini?

Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953 kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza. Magari yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Baadaye yakajulikana kama East African Safari na yakawa yakifanyika wakati wa Pasaka, yaani wakati mvua ya masika inapoanza kumwagika. Wenye mashindano walijua hasa walichokuwa wakitafuta!

Vijana wa leo wameiona Safari Rally ya Naivasha tangu iliporudi katika mashindano ya ubingwa wa dunia mwaka 2021. Siku hizi magari hukimbia katika vipande vya barabara vilivyofungwa. Zamani mambo yalikuwa mengine. Barabara zilikuwa wazi kwa kila mtu. Gari la mashindano lilikutana na basi, mkokoteni, mbuzi na hata twiga. Katika miaka ya 1960 safari nzima ilikuwa karibu kilomita 5,000, mchana na usiku, kwa siku chache tu.

Na ushindi ulihesabiwaje? Kulikuwa na vituo njiani, na kila gari lilipewa muda wa kufika kila kituo. Ukichelewa, unaandikiwa adhabu kwa kila dakika uliyochelewa. Mwisho wa safari aliye na adhabu chache zaidi ndiye mshindi. Kwa hivyo hakuna aliyekuuliza gari lako linaweza kukimbia kilomita ngapi kwa saa. Uliulizwa umefika saa ngapi.

Tupige hesabu kidogo, hata kama hili ni gazeti la Kiswahili. Kutoka kituo kimoja hadi kingine ni kilomita 240. Gari la kwanza linakimbia kilomita 160 kwa saa. Likienda bila matatizo litafika kwa saa 1 na nusu. Lakini njiani linavunja springi na dereva anatengeneza kwa saa 3. Jumla ni saa 4 na nusu. Gari la pili linakwenda kilomita 80 kwa saa bila kusimama. Linafika kwa saa 3. Sasa niambie, lipi ndilo lenye mbio?

Joginder aliingia Safari kwa mara ya kwanza mwaka 1959, akiwa na miaka 27. Mara nyingi mwanzoni alikwenda na mdogo wake Jaswant. Mwaka 1963 mvua ilinyesha kama iliyotumwa. Magari 84 yaliondoka Nairobi, yakarudi 7. Ndugu hao wawili walikuwa miongoni mwa hao saba, wakawa wa nne kwa Fiat 2300. Mwaka 1968 mambo yakawa yale yale: yaliondoka 93, yakafika 7. Na Joginder? Alikuwamo tena! Mtu akifika mara moja unaweza kusema ni bahati. Akifika mara mbili inabidi utafute neno lingine.

Wamarekani wanakuja

Sasa tufike kwenye magari yetu ya misuli. Mwaka 1963 kampuni ya Ford ya Marekani ilitaka kuonyesha ulimwengu kwamba gari lake jipya, Mercury Comet la mwaka 1964, ni imara na lina mbio. Wakapeleka Comet kadhaa kwenye uwanja wa Daytona huko Florida na kuziendesha zikizunguka usiku na mchana. Zilikwenda maili 100,000, yaani kilomita 160,000 hivi, kwa mwendo wa wastani wa zaidi ya maili 100 kwa saa. Zilisimama kwa ajili ya mafuta na matengenezo tu. Ilichukua karibu siku 40. Hakuna gari la kawaida lililokuwa limefanya maajabu kama hayo.

Basi wakajiambia, sasa twende Afrika. Wakaja kwenye Safari ya mwaka 1964 na kikosi kizima cha Comet zenye injini za lita 4.7, pamoja na makanika na vipuri vya kila aina. Kwa ukubwa wa injini walikuwa kama ndovu kati ya mbuzi. Lakini wahenga walinena kwamba mbio za sakafuni huishia ukingoni. Daytona ni sakafu, na ukingo wake ulikuwa Afrika Mashariki. Comet zilikuwa nzito na zenye nguvu nyingi, na katika matope nguvu nyingi huchimba shimo. Mbili tu ndizo zilizomaliza, tena mbali nyuma ya washindi.

Nani alishinda mwaka huo? Peter Hughes na Billy Young, wakaaji wa huku huku, kwa Ford Cortina GT ya lita 1.5. Wa pili alikuwa Erik Carlsson kutoka Uswidi na kigari kidogo cha Saab ambacho injini yake haikufika hata lita 1. Umesikia vizuri, haikufika lita 1! Injini ya lita 4.7 ilibaki nyuma ya injini ambayo ingeweza kukaa ndani yake na nafasi ikabaki.

Gari la mtumba

Mwaka 1965 ndio uliomfanya Joginder kuwa Joginder. Yeye na Jaswant hawakuwa na kampuni kubwa nyuma yao. Walikuwa na Volvo PV544 iliyokwisha kutumika katika mashindano na wenyewe, kisha ikauzwa. Kwa Kiswahili cha sokoni, mtumba. Umbo lenyewe lilikuwa la kizamani, mgongo umeinuka kama kobe, na mwaka huo huo kampuni ya Volvo iliacha kabisa kuunda magari ya aina hiyo. Injini yake ilikuwa ya lita 1.8.

Lakini ndugu hao walikuwa mafundi. Waliliandaa gari wenyewe, wakijua kila nati ilikokazwa na ni nani aliyeikaza. Walipoingia barabarani, Joginder hakuwa mtu wa kulitesa gari. Alijua mahali pa kukanyaga mafuta na mahali pa kuliacha gari lipumue. Alisikiliza injini kama daktari anavyosikiliza kifua cha mgonjwa.

Matokeo? Walishinda kwa tofauti ya dakika 100. Si sekunde, ni dakika! Yaani mshindi angeweza kunywa chai ya Kericho kikombe cha kwanza, cha pili, akaoga, na bado akarudi kumpokea wa pili. Joginder akawa dereva wa kwanza asiye Mzungu kuishinda Safari.

Kenya ilikuwa haijatimiza hata miaka 2 tangu ipate uhuru. Kwa miaka yote ya ukoloni watu walikuwa wamepangwa kwa rangi, Mzungu juu, Mhindi katikati, Mwafrika chini. Sasa tazama, mwana wa fundi mwenye kilemba anarudi Nairobi akiwa wa kwanza na watu wa rangi zote wanamshangilia. Wazungu walimbandika jina la Singasinga Anayepaa. Wananchi wakampa jina lao, Simba wa Kenya. Mimi naona hili la wananchi ndilo zito zaidi, kwa sababu lilimwambia kwamba yeye ni wa hapa.

Na jambo hilo halikuwa dogo. Mwaka 1967 Kenya ilipitisha sheria za uhamiaji na za leseni za biashara ambazo ziliwabana wasio raia, na Wahindi maelfu kwa maelfu walifunga virago na kwenda Uingereza, hasa mapema mwaka 1968. Kulikuwa na maneno mengi wakati huo kuhusu nani ni mwenyeji na nani ni mgeni. Watu waliozaliwa hapa waliulizwa kwao ni wapi. Wakati huo huo Simba wa Kenya alikuwa barabarani kila Pasaka, na wanakijiji waliosimama kando ya njia wakikitambua kile kilemba walikuwa wakimpungia mikono na kumshangilia. Mwaka 1969 alikuwa wa pili kwa Volvo, na mwaka 1970 akawa wa pili tena kwa Datsun.

Ushindi wa pili na wa tatu

Kuna jambo lililowaumiza vichwa madereva wa Ulaya. Tangu 1953 hadi 1971 hakuna hata mmoja aliyetoka ng'ambo akaishinda Safari. Walikuja mabingwa wenye majina makubwa na wakarudi mikono mitupu. Mwishowe Hannu Mikkola wa Ufini ndiye aliyeuvunja mwiko huo mwaka 1972. Baada ya hapo watu wengi walidhani kwamba wakati wa madereva wa nyumbani umekwisha, hasa kwa kuwa mwaka 1973 Safari iliingizwa katika mashindano ya ubingwa wa dunia na kampuni kubwa zikaja na pesa nyingi.

Mwaka 1974 Joginder alikuwa na miaka 42, umri ambao wengine huanza kulalamika magoti. Safari hii alikwenda na David Doig katika Mitsubishi Colt Lancer ya lita 1.6. Mitsubishi hawakuwa wamewahi kushinda shindano lolote la ubingwa wa dunia. Mbele yao alikuwa Björn Waldegård wa Uswidi na Porsche ya lita 2.7, gari ambalo katika lami lingeiacha Lancer ikimeza vumbi. Mvua ikanyesha, mito ikafurika, magari yakakwama. Porsche ilikuwa ikiongoza, lakini ikavunjika upande wa nyuma na kupoteza muda ikitengenezwa. Lancer haikuvunjika. Joginder akawa wa kwanza na Waldegård wa pili. Huo ndio uliokuwa ushindi wa kwanza wa Mitsubishi katika ubingwa wa dunia, nao uliletwa na mzaliwa wa Kericho.

Nisimwonee Waldegård. Aliendelea kurudi, akajifunza barabara zetu, na baadaye akaishinda Safari mara 4. Hii inaonyesha kwamba kuijua njia si jambo la damu wala rangi. Ni jambo la kukubali kufundishwa na njia yenyewe.

Mwaka 1976 Joginder na Doig walishinda tena kwa Lancer, na Lancer nyingine mbili zikafuata nyuma yao, moja, mbili, tatu. Joginder akawa mtu wa kwanza kuishinda Safari mara 3. Baadaye Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, alimpita kwa kuishinda mara 5, lakini njia ilikuwa imekwisha kufunguliwa.

Joginder aliendelea hadi mwaka 1980. Kwa jumla aliingia Safari mara 22 na akafika mwisho mara 19. Kwangu mimi hesabu hiyo inapita hata vikombe vyake vitatu. Katika mashindano ambayo mwaka mwingine gari moja tu kati ya 12 au 13 lilifika, yeye alishindwa kufika mara 3 tu katika miaka zaidi ya 20. Baada ya kustaafu aliishi Uingereza, na alifariki London tarehe 20 Oktoba 2013 akiwa na miaka 81.

Tunajifunza nini?

Wako watakaosema kwamba hadithi hii ni ya haraka haraka haina baraka. Sikubaliani nao. Joginder hakuwa mwendapole. Mtu mwendapole hawezi kumwacha mwenzake kwa dakika 100. Alikuwa na mbio sana, lakini mbio zake zilikuwa na hesabu ndani yake. Alijua gari lake linaweza nini, barabara inataka nini, na zimebaki kilomita ngapi.

Somo hili kwetu si la mchezo. Kaunti yetu haitasahau tarehe 30 Juni 2023, wakati lori lililopoteza mwelekeo pale Londiani Junction lilipoua watu zaidi ya 50. Na kila jioni ya mvua unaona vijana wakiteremka na bodaboda zilizobeba abiria watatu, tairi zimelika hadi zimekuwa laini kama kipara, ilimradi waonekane wana mbio. Bingwa wa Safari mara 3 hangepanda pikipiki hiyo hata hadi sokoni. Kwanza angechuchumaa na kutazama breki.

La pili ni kuhusu kazi. Kuna wenzetu wanaodharau gereji. Mwanafunzi akisema anataka kuwa makanika, darasa zima linacheka, ati hiyo ni kazi ya walioanguka mtihani. Simba wa Kenya alianzia chini ya gari, uso umejaa oili. Kama si ile grisi, Volvo ya mtumba isingefika popote.

La tatu na la mwisho ni juu ya wenyewe. Kericho tunajivunia chai na wanariadha wetu, na ni haki. Lakini katika orodha ya watu waliobeba jina la mahali hapa, tumeacha nafasi wazi. Pale pana jina la mtu mwenye kilemba na ndevu, ambaye wananchi wa kawaida walimwita simba wao zamani kabla sisi hatujazaliwa. Sioni kwa nini sisi tuliozaliwa alikozaliwa tuwe wa mwisho kumjua.

Kwa hivyo mkibishana tena kuhusu Mustang na Charger, msiache kumweka Joginder Singh mezani. Kisha muulizane swali lile la vituo vya Safari: gari lako limefika saa ngapi?